Nguva au manati: misuli ya yupi uazime kwa kazi ipi

Ukitafuta picha ya nguva mtandaoni, mara nyingi utaletewa manati. Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko huu: jina nguva tumempa mnyama wa bahari yetu, tukampa na jamaa yake wa Florida, na tukampa hata yule mwanamke-samaki wa hadithi. Neno manati nalo haliokoi kitu, maana mtoto wa Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, ukimwambia manati atakuletea panda ya mti na mpira wa kurushia mawe.

Hapa, basi, nguva ni yule wa Bahari ya Hindi, Dugong dugon, anayeonekana kwa nadra sana siku hizi kwenye maji ya Lamu, Pate, Kiwayuu na Kiunga. Manati ni jamaa zake watatu wa upande wa Atlantiki: wa Florida na Karibi, wa mto Amazon, na wa Afrika Magharibi kuanzia Senegal hadi Angola. Bahari ya Hindi haina manati hata mmoja.

Shida ni kwamba manati ndiye aliyechunguzwa zaidi akiwa hai. Anafugwa, anaokolewa na kutibiwa, anapigwa video kwa karibu. Nguva hafugiki kwa urahisi na huonekana kwa sekunde chache. Mwalimu wa Faza anayetaka somo la misuli, fundi anayechonga ubao wa makaribisho, mtembeza wageni au mwanachama wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo), wote hujikuta wameshika mchoro wa manati wakijiuliza kama unafaa. Jibu hutegemea kiungo. Misuli ya mgongo unaweza kuichukua kwa manati bila wasiwasi. Mafunzo ya pumzi na kuzama, yachukue kwa uangalifu. Mdomo na mkia, usichukue. Na namna ya kumwokoa mnyama aliyenaswa, usiguse kabisa ya manati.

| | Nguva | Manati |
|---|---|---|
| Mkia | mapande mawili yenye ncha, kama pomboo | duara moja pana |
| Pingili za shingo | 7 | 6 |
| Mdomo | umeelekea chini | umeelekea mbele zaidi |
| Kucha kwenye mapezi | hana | anazo, isipokuwa wa Amazon |
| Pembe za mdomoni | dume mzima anazo, fupi | hana |
| Maji | chumvi tu | chumvi, mito, vinamasi |

Mkia

Mkia ndio unaomfichua mchoraji asiyejua. Wa manati ni kama kipepeo cha ukindu cha kupepelea jiko. Wa nguva una ncha mbili na pengo katikati. Wote wawili huupiga juu na chini, si kushoto na kulia kama papa, kwa hiyo mkia hulala bapa. Fundi aliyezoea kuchonga changu na kole kole husahau hilo, mkono ukausimamisha mkia wenyewe. Kosa jingine ni kumwongezea pezi la mgongoni kwa kumwigiza pomboo. Nguva hana, manati hana.

Ndani, mtambo ni mmoja. Juu ya uti wa mgongo yamelala mafungu ya misuli mirefu, kubwa lao likiitwa longisimasi, yanayoanzia mgongoni hadi mkiani. Yakijikaza, mkia unainuka. Chini ya pingili za mkia yako mafungu mengine yanayouvuta chini, yakisaidiwa na misuli ya tumbo. Pingili za mkia zina mbawa pembeni na vijifupa vinavyoning'inia chini yake, na hapo ndipo misuli hiyo inapata pa kushika. Nyonga zimebaki vijifupa viwili vilivyozama ndani ya nyama, na miguu ya nyuma haipo, lakini vijifupa hivyo vina kazi: sehemu ya misuli ya kushusha mkia imejishikiza kwavyo. Mchoro unaovionyesha vikielea peke yake, kana kwamba ni masalia tu, unamnyima mwanafunzi nusu ya maelezo.

Uko msuli mmoja ambao mtu wa Lamu anauona kila siku bila kuujua jina. Tazama punda aliyesimama kivulini karibu na ngome, nzi akimtua ubavuni: ngozi inatikisika pale pale, mguu haujasogea. Kazi hiyo hufanywa na msuli wa chini ya ngozi. Kwa punda ni utando mwembamba. Kwa nguva na manati umekuwa mnene, umefunika ubavu, umeelekea mkiani na unasaidia kuuvuta mkia chini. Michoro mingi huubandua ili kuonyesha misuli ya ndani, halafu husahau kuurudisha. Ukiona mchoro wa misuli ambao ubavuni unaonyesha mbavu moja kwa moja, jua msuli huo umeondolewa.

Tofauti ya kweli iko kwenye shina la mkia, pale mwili unapokwisha na mkia unapoanza. Shina la nguva limebanwa ubavuni: ukilitazama kwa juu ni jembamba, kwa ubavuni ni nene. Likipanda na kushuka linapita majini kwa ukingo wake, kama kisu kinavyoingia kwenye mkate wa mofa, na nguvu yote inakwenda kutumika kwenye zile ncha mbili. Shina la manati ni bapa na pana, linajifungua polepole hadi kuwa duara, kwa hiyo nusu nzima ya nyuma ya mwili inapiga wimbi. Mtindo huo unafaa kwenye mto mwembamba wenye kona, si kwenye safari ndefu ya bahari. Nguva huenda kiasi cha kilomita 10 kwa saa bila kujitaabisha, na akifukuzwa hufika 20 kwa muda mfupi. Mwendo wa kawaida wa manati ni kilomita 5 hadi 8, ingawa kwa kitambo kidogo naye anaweza kuzidi 20. Anayedhani nguva ni mvivu amemtazama manati.

Kwa fundi wa mbao: nguva mzima ana urefu wa mita 2.4 hadi 3. Ukichukua mita 2.7 na kuigawa kwa tatu, kinyago chako kitakuwa sentimita 90, na pezi la mbele, ambalo kwa mnyama halisi ni sentimita 35 hadi 45, litakuwa 12 hadi 15. Wengi huyarefusha mapezi kwa sababu wameangalia manati. Shina la mkia lichonge kwanza, kabla ya ncha, maana ukilikosa hilo hata ncha nzuri zitaonekana zimebandikwa.

Mdomo

Hapa ndipo wanyama hawa wawili wanapoachana kabisa, na hapa ndipo mchoro wa kuazima unapodanganya zaidi.

Anza na kinachofanana. Mdomo wao wa juu hauna mfupa ndani. Ni nyama ya misuli iliyopangwa kwenda pande nyingi: mingine kutoka juu kushuka, mingine kukata upande hadi upande, mingine kuuzunguka mdomo. Misuli ya namna hii haivuti mfupa, inasukumana yenyewe kwa yenyewe. Mkonga wa ndovu ndio hivyo, na ndovu ni ndugu wa damu wa wanyama hawa. Kwa mtoto wa pwani mfano ulio karibu zaidi ni mkono wa pweza: hauna mfupa, hata hivyo unavuta, unasukuma, unajikunja. Sababu ni kwamba nyama haipungui ujazo. Ukiibana hapa, itatokeza kule. Jaza puto maji nusu, libane katikati kwa kidole na gumba, darasa zima litaona.

Juu ya nyama hiyo zimeota nywele ngumu kama za brashi, na hizi si za kuhisi tu kama sharubu za paka. Zinafanya kazi ya vidole. Misuli ikijikaza, mafungu ya nywele nene yanachomoza nje. Ikilegea, yanarudi ndani. Florida wamehesabu mafungu manne kila upande wa mdomo wa juu na mawili kwenye mdomo wa chini.

Sasa tofauti. Manati hutoa mafungu yake makubwa, huyafunga kuelekea katikati, na jani linabanwa kama tende kati ya vidole viwili. Kisha mdomo wa chini unalisukuma ndani, na mzunguko unaanza upya. Kwa njia hiyo hula majani yanayoelea, yaliyo chini, na yanayoning'inia juu ya maji. Wa Afrika Magharibi hufikia hata majani ya mikoko. Nguva mwendo wake ni kinyume: nywele zake nene hufunguka kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anayefukua mchanga kwa mikono miwili. Hakamati jani, anatoa mchanga njiani ili apate mzizi.

Umbo la uso linafuata kazi hiyo. Mdomo wa juu wa nguva ni sahani pana ya nyama yenye umbo la kwato la punda, imetazama chini kabisa. Mfupa wa mbele wa fuvu lake umeinama takriban nyuzi 70. Wa manati wa Florida na Karibi umeinama kati ya 29 na 52, na wa Afrika Magharibi kati ya 15 na 40, ndiyo maana huyo wa mwisho anaweza kula hata juu ya maji. Ukichora, weka kipima pembe kwenye mstari wa paa la kinywa, kisha funika mfupa huo kwa nyama ya mdomo. Usiuache uso ukiwa na kona kali kama ya fuvu tupu. Mchoro ambao nguva anatabasamu akitazama mbele ni mchoro wa manati.

Kwa anayemtafuta nguva, maelezo haya yana faida ya moja kwa moja. Nguva akila nyasi laini za Halophila au Halodule hung'oa jani na mzizi pamoja, akiacha mfereji unaopindapinda wenye upana wa sentimita 10 hadi 25, urefu wa mita 1 hadi 8, na kina cha sentimita 3 hadi 5. Nanga iliyoburutwa huacha alama isiyo na upana mmoja, na mchanga umerundikana mwishoni. Rafadha huacha mkato mwembamba ulionyooka. Lakini sehemu kubwa ya mabonde ya nyasi za pwani yetu ni ya Thalassodendron, ambayo shina lake ni gumu kama kijiti na mizizi yake haing'oki kwa urahisi. Nyasi ngumu za namna hiyo nguva huzikata majani tu, na hakuna mfereji unaobaki. Kwa hiyo bonde la nyasi lisilo na mifereji si ushahidi kwamba nguva hajapita.

Makosa ya darasani yanayotokana na kuazima mdomo wa manati ni mawili, na yote yameandikwa vitabuni na ukutani. La kwanza, kwamba nguva hula majani ya mikoko. Hali. La pili, kwamba huingia mto Tana au Sabaki kunywa maji. Manati hunywa maji baridi, na Florida hufuata hata mpira wa bomba bandarini. Nguva maisha yake yote ni ya chumvi.

Meno yaeleze kwa ufupi. Magego ya manati husogea kutoka nyuma kwenda mbele maisha yake yote, ya mbele yakidondoka. Nguva hana mpango huo. Akizeeka hubaki na magego mawili kila upande, juu na chini, yanayoendelea kukua kutoka mzizini. Wote wana bamba gumu la mbele ya kinywa, juu na chini, la kupondea, na nguva ndiye analitegemea zaidi. Zile pembe za dume si za kuchimbia, ingawa watu wengi husema hivyo.

Mapezi ya mbele

Kwenye mwendo mrefu wote huyabana ubavuni na kuuachia mkia kazi, kisha huyatumia kugeuka na kusimama. Manati anakunja kiwiko vizuri, anatembea kwa mapezi sakafuni na kusogeza chakula mdomoni. Nguva hashiki chakula kwa pezi. Picha ya nguva amekumbatia fungu la nyasi irudishe ilikotoka.

Pumzi na kuzama

Kwa somo la pumzi manati ndiye mwalimu bora, kwa sababu kiwambo chake cha kifua kimepasuliwa na kuelezwa kwa makini. Kwa binadamu kiwambo hukata mwili kwa upana, kifua juu, tumbo chini. Kwa manati kimelala kwa urefu, chini ya mapafu, sambamba na mgongo, na hakijashikana na mfupa wa kidari. Kimegawanyika nusu mbili, kulia na kushoto, kila moja ikiweza kukazwa peke yake. Mapafu nayo ni marefu na bapa, yamelala mgongoni karibu urefu wote wa kiwiliwili. Hewa ikiwa juu na mifupa mizito ikiwa chini, mnyama hukaa sawa majini bila kujitahidi. Mbavu za wote wawili ni nzito na ngumu, hazina uboho ndani. Ni kama farumi, ule uzito unaowekwa chini ya chombo kukituliza majini.

Nyasi zikichacha katika utumbo mrefu hutoa gesi, na gesi humwelesha mnyama. Manati akikaza kiwambo na misuli ya tumbo, hewa na gesi zinabanwa, ujazo unapungua, naye anashuka akiwa amelala sawa, bila kupiga mkia. Hili unaweza kulionyesha kwa shilingi chache.

Chukua chupa laini ya plastiki ya lita 1.5. Tafuta kifuniko cha kalamu. Kama kina tundu juu, liziba kwa nta au plastisini. Bandika donge dogo la plastisini kwenye kishikio chake. Kijaribu kwanza kwenye glasi: kinatakiwa kielee kimesimama, kichwa chake kikitokeza kidogo tu. Punguza au ongeza plastisini hadi kifanye hivyo. Jaza chupa maji hadi mdomoni, tia kifuniko cha kalamu kikiwa na hewa ndani, funga. Ukiibana chupa, kinazama, ukiachia, kinapanda. Kisipozama, chupa ina hewa nyingi juu au plastisini ni kidogo. Kikizama na kisirudi, plastisini ni nyingi, au hewa ilitoka wakati wa kukitia. Waambie wanafunzi kwamba mkono wako unafanya kazi ya kiwambo, ila kiwambo cha mnyama kinabana kutoka ndani.

Kwa nguva, onyesha tu mapafu marefu yaliyolala mgongoni. Zile nusu mbili za kiwambo usizihamishie kwake kwenye mchoro.

Muda wa kukaa chini pia usiuazime. Manati aliyepumzika anaweza kufikia dakika 20. Nguva kwa kawaida hurudi juu baada ya dakika mbili au tatu. Misuli ya jamii hii haina akiba kubwa ya oksijeni kama ya pomboo, kwa hiyo anayepapatika huimaliza haraka zaidi.

Aliyenaswa kwenye jarife

Video za Florida huonyesha manati akiinuliwa kwa winchi, akalazwa kwenye gari, akasafirishwa kwa saa kadhaa, akapona. Usijaribu kwa nguva. Mnyama huyu ni dhaifu zaidi mikononi mwa watu, na kinachomuua mara nyingi si jeraha. Misuli ile mikubwa ya mgongo na mkia ikipapatika bila hewa ya kutosha hujaa tindikali na kuanza kuharibika, na mabaki yake yakiingia kwenye damu huumiza figo na moyo. Anaweza kuachiwa akaondoka vizuri, akafa baada ya saa au siku. Kutetemeka, mwili kukakamaa na kushindwa kupiga mkia ni dalili za hatari.

Kwanza zima mashine na nyamazeni. Inua sehemu ya wavu iliyo karibu na kichwa ili matundu ya pua yawe juu ya maji. Yako juu ya pua, si mbele. Kata nyuzi kuanzia kichwani, kisha mapezi, mkia mwisho. Wavu ni wa kukatwa, si wa kufumuliwa: kila dakika ya kuokoa jarife inalipwa na misuli ya mnyama. Simama ubavuni, si nyuma ya mkia. Usimfunge kamba mkiani kumvuta, kwa sababu kichwa kitazama na pua itajaa maji, na ule mkia ndio unaohitajika akiachiwa. Usimvute kwa pezi. Usimpandishe chomboni, maana majini uzito wake umebebwa, na mwenye kilo 300 akilazwa juu ya ubao analaliwa na mwili wake mwenyewe. Akiwa huru, mwache apumue mara kadhaa akiwa ametulia kabla hamjawasha mashine.

Kisha wajulisheni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hata kama ameondoka salama, au kama amekufa. Nguva analindwa kisheria, na nyama yake haiuzwi wala haigawanywi. Andikeni saa, mahali, kina cha maji, aina ya wavu na urefu wa mnyama kwa makadirio. Kama simu inaruhusu picha moja tu, ipigeni kwenye mkia.